PIPA HILI LAENDA WAPI?

Jinsi Serikali na wenye viwanda wanavyosaidiana kuzuia kemikali za halali zisigeuzwe kuwa madawa ya kulevya, na sehemu ya mkulima katika kazi hiyo

Mkulima aliyewahi kuleta viazi au kabichi Nairobi aijua Muthurwa. Malori hufika usiku, magunia hushushwa kabla jua halijachomoza, na vijana wa mikokoteni huyasukuma mpaka sokoni huku wakipiga mbinja ili wapishwe njia. Zamani Muthurwa ilikuwa mtaa wa nyumba za wafanyakazi wa reli. Mwaka 2008 soko kubwa na kituo cha matatu vilifunguliwa hapo kwa ajili ya wachuuzi waliotolewa katikati ya jiji. Ng'ambo ya reli liko Eneo la Viwanda, ambako hutengenezwa rangi, sabuni, dawa, plastiki na vitu vingine vingi tunavyovitumia kila siku.

Basi, katika barabara zile zile zipitazo kabichi, hupita pia mapipa. Pipa moja lina asidi, laenda kwa mtengenezaji wa betri. Pipa jingine lina thina, laenda kwa fundi wa rangi. Jingine laenda kwa kiwanda cha ngozi, ambacho labda ndicho kitakachonunua ngozi ya ng'ombe wako. Mapipa haya hayana kosa lolote. Bila hayo tungekosa betri, viatu, hata dawa ya mafua.

Lakini yako mapipa machache ambayo yakipotea njia huwa chanzo cha sumu inayowaharibu vijana wetu. Katika makala haya tutaeleza kemikali hizo ni zipi, Serikali na wenye viwanda wanazichunga namna gani, na kwa nini mkulima, ambaye hana kiwanda wala duka la kemikali, naye ana kazi ya kufanya.

KEMIKALI BASHIRIFU NI NINI?

Mama hawezi kupika mandazi kwa unga mtupu. Lazima awe na mafuta, sukari na hamira. Hamira si andazi, lakini bila hamira andazi halifuri. Madawa ya kulevya nayo yako hivyo hivyo. Heroini hutokana na utomvu wa mmea uitwao mpopi, na kokeini hutokana na majani ya koka. Lakini utomvu huo na majani hayo hayawi heroini wala kokeini mpaka yapitishwe katika kemikali. Tena yako madawa mengine, kama methamfetamini, ambayo hayahitaji shamba lolote. Hayo hupikwa kwa kemikali tupu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kemikali zinazotumiwa kwa kazi hiyo huitwa kemikali bashirifu. Jina hilo latokana na neno kubashiri, kwa kuwa kemikali hizo hutangulia na kuonyesha jambo litakalofuata. Ajabu yake ni kwamba karibu zote zina kazi njema:

Efedrini na sudoefedrini hutiwa katika dawa za mafua na za kufungua pua.

Asetiki anhidridi hutumiwa viwandani kutengeneza aspirini, rangi za nguo na aina fulani za plastiki.

Pamanganeti ya potasiamu, ile yenye rangi ya zambarau, husafisha maji na vidonda, na wafugaji wa samaki waijua sana.

Asetoni na toluini hutumiwa katika rangi, gundi na varnishi. Asetoni pia ndiyo iondoayo rangi ya kucha.

Asidi ya salfa huwa ndani ya betri ya gari, na viwanda vya mbolea huitumia kwa wingi sana.

Mkulima atauliza: ikiwa kemikali hizi huleta madhara, kwa nini Serikali isizipige marufuku? Jibu ni jepesi. Tukipiga marufuku efedrini, mgonjwa atakosa dawa. Tukipiga marufuku asidi ya salfa, hakuna betri wala mbolea ya fosfeti. Hatukatai panga kwa sababu mwizi naye hutumia panga. Linalotakiwa ni kujua kila mara panga liko mkononi mwa nani.

KEMIKALI HUPOTEAJE NJIA?

Mfanyabiashara wa madawa ya kulevya hana kiwanda cha kutengeneza kemikali hizi. Hana budi kuzipata kwa watu wa halali, na njia zake ni hizi.

Kwanza, huiba. Pipa hutoweka ghalani, au lori huondoka na mapipa 40 na kufika na mapipa 36.

Pili, hudanganya. Huandikisha kampuni yenye jina zuri, labda hata jina la dawa za mifugo, lakini kampuni hiyo haina kiwanda wala mfanyakazi. Ina karatasi na muhuri tu.

Tatu, hubadilisha maandishi. Pipa la kemikali inayochungwa hubandikwa karatasi ya kemikali nyingine isiyochungwa, nalo hupita mpakani kama kitu cha kawaida.

Nne, hununua kidogo kidogo. Leo duka hili, kesho duka lile, mpaka akusanye kiasi akitakacho.

Tano, huhonga. Karani hupewa fedha asiandike, au mlinzi asitazame.

Katika njia zote hizi tano, kemikali hutoka mkononi mwa mtu wa halali. Kwa hiyo mahali pazuri pa kuizuia ni pale pale inapotoka. Ikishachanganywa na kupikwa, kazi huwa ngumu mara mia.

MAKUBALIANO YA MATAIFA

Mataifa ya dunia yalilitambua jambo hili zamani. Tarehe 20 Desemba 1988, huko Vienna katika nchi ya Austria, yaliafikiana juu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na biashara haramu ya madawa ya kulevya. Kifungu cha 12 cha mkataba huo ndicho kinachohusu kemikali bashirifu. Orodha ya kwanza ilikuwa na kemikali 12. Mwaka 1992 ziliongezwa 10, na tangu hapo orodha imezidi kukua, kwa maana wahalifu nao hawalali. Kemikali moja ikifungiwa, hutafuta ndugu yake.

Kifungu hicho chasema nini? Kwa maneno machache, chaagiza mambo manne.

La kwanza, mapipa yaandikwe majina ya kweli, na karatasi za mauzo zitaje kemikali, kiasi chake, muuzaji na mnunuzi.

La pili, karatasi hizo zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 2, ili mkaguzi akija azione.

La tatu, nchi inayouza efedrini au kemikali nyingine za jedwali la kwanza iijulishe nchi inayonunua kabla mzigo haujaondoka, ikiwa nchi hiyo imeomba kujulishwa.

La nne, na hili ndilo kubwa kwetu leo, Serikali ishirikiane kwa karibu na watengenezaji, waagizaji, wauzaji wa jumla na wauzaji wa rejareja, nao watoe habari wakiona oda au biashara yenye mashaka.

Tangu mwaka 2006, taarifa za kabla ya mzigo kuondoka hupelekwa kwa mtandao maalumu wa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Madawa ya Kulevya, ambayo makao yake ni Vienna. Afisa wa nchi moja huandika: kampuni fulani ya kwenu imeagiza kilo kadhaa za kemikali hii, je, mwaijua? Afisa wa nchi ya pili huenda kutazama. Akikuta kampuni haina hata ghala, hujibu kwamba mzigo usiletwe. Pipa hilo halipandi meli kamwe.

Kenya imo katika mkataba huo tangu 1992, na mwaka 1994 ilitunga sheria yake ya kudhibiti madawa ya kulevya, ambayo ilirekebishwa mwaka 2022. Kazi imegawanywa. Bodi ya Dawa na Sumu huangalia vibali vya kuingiza dawa na vitu kama efedrini. Mamlaka ya Ushuru hutazama mizigo bandarini na mipakani. Mkemia Mkuu wa Serikali hupima na kusema pipa lina nini hasa. Polisi wa Idara ya Upelelezi wa Jinai hufuata nyayo za wahalifu. Nayo NACADA huwafundisha watu na kuwasaidia walionaswa na ulevi.

Jirani zetu wa Tanzania hufanya vivyo hivyo. Huko anayetaka kufanya biashara ya kemikali za viwandani husajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2003, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya huzifuatilia kemikali bashirifu kwa upande wake.

MFANO ULIOTUGUSA

Pengine msomaji adhani mambo haya ni ya nchi za mbali. La, yametufika nyumbani.

Mwezi Januari 2017 ndugu wawili wa Mombasa, Baktash Akasha na Ibrahim Akasha, walipelekwa Marekani kushtakiwa. Mwezi Oktoba 2018 walikiri makosa yao mahakamani New York. Baktash alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Agosti 2019, na Ibrahim kifungo cha miaka 23 mwezi Januari 2020. Watu wengi wakumbuka habari ya heroini katika kesi ile. Wachache wakumbuka habari ya efedrini.

Waendesha mashtaka walieleza kwamba kundi lile lilikusudia kupata tani nyingi za efedrini kutoka kiwanda kimoja cha India, ili ipikwe methamfetamini hapa Afrika. Efedrini ile haikutengenezwa vichakani. Ilitoka katika kiwanda cha dawa, chenye mitambo na wafanyakazi, mjini Solapur. Mwezi Aprili 2016 polisi wa India walikivamia kiwanda hicho na kukamata zaidi ya tani 18. Mpango wote ukavunjika.

Tazama basi. Kama efedrini ile ingefika na kupikwa, ingekuwa vifuko vidogo vidogo visivyohesabika, mifukoni mwa watu wasiohesabika, katika kila mtaa na kila kijiji. Polisi wangekimbizana na vifuko hivyo miaka na miaka. Lakini ilipokuwa bado ni mapipa ndani ya jengo moja, ilikamatwa kwa mara moja. Kuzuia chemchemi ni rahisi kuliko kuyateka maji yaliyokwisha kumwagika.

KWA NINI SERIKALI PEKE YAKE HAIWEZI

Afisa wa Serikali huona karatasi. Karatasi yaweza kuwa nzuri kabisa, na huku nyuma yake kuna uongo. Mtu anayemwona mnunuzi uso kwa uso ni muuzaji. Tena muuzaji ana kitu ambacho afisa hana: aijua kazi yake.

Tuchukue mfano. Hii si habari ya duka lolote, bali ni mfano wa kutufunza tu. Mama mmoja ana duka la malighafi za sabuni na rangi katika vichochoro vya karibu na Muthurwa. Asubuhi moja aja kijana nadhifu asiyemjua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nataka asetoni, mapipa manane. Nitalipa taslimu sasa hivi."

"Mapipa manane ni mengi. Ni ya kazi gani?"

"Ni ya kutengeneza sabuni, mama."

"Haya. Na kiwanda chako kiko wapi, ili nikuletee kwa gari?"

"Usijisumbue. Nitaleta mkokoteni. Tena risiti sihitaji, na hizo karatasi zilizobandikwa kwenye mapipa uzibandue."

Mama yule hakusoma chuo kikuu, lakini amefanya biashara ya sabuni miaka mingi. Ajua kwamba sabuni hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali, wala si kwa asetoni. Ajua pia kwamba mwenye kiwanda cha kweli hupenda risiti, kwa sababu ya hesabu zake na kodi. Ajua kwamba hakuna fundi anayetaka pipa lisilo na jina, maana atachanganya na kuunguza kazi yake. Kwa maswali mawili tu amejua jambo ambalo ofisi nzima isingeweza kulijua kwa kutazama karatasi.

Afanye nini? Asigombane na kijana yule, wala asimpigie kelele za mwizi. Yawezekana kijana ametumwa tu, au hata hana kosa. Amwambie, "Mzigo huo sina leo. Niachie jina na simu, nami nitakuambia ukifika." Kisha aandike tarehe, sura ya mtu, kitu alichotaka, na namba ya gari kama ipo, halafu atoe habari kwa polisi. Kazi yake imekwisha. Wenye mamlaka watapeleleza na kujua ukweli.

Huu ndio ushirikiano unaotajwa. Mwaka 2009 Bodi ya Kimataifa ilitoa mwongozo wa viwanda vya kemikali, unaovishauri kujiwekea kanuni vyenyewe, kwa hiari. Kanuni hizo kwa jumla ni kumjua mteja wako. Kumweka mfanyakazi mmoja atakayeangalia mauzo ya kemikali hizi. Kufunga ghala kwa kufuli na kuhesabu mapipa. Kuwafundisha makarani na madereva dalili za udanganyifu. Na kuwa na mtu unayemfahamu Serikalini wa kumpigia simu mara moja.

Serikali nayo ina wajibu wake. Haifai kumchelewesha mwenye kiwanda mwaminifu miezi kwa sababu ya kibali, wala kumtendea mtoa habari kama mshtakiwa. Mwenye kiwanda akiona kwamba kusema ukweli kwamletea taabu, mara ya pili atanyamaza. Ushirikiano ni kama mkokoteni: mmoja huvuta mbele, mwingine husukuma nyuma. Mmoja akiacha, mzigo haupandi kilima.

MKULIMA AHUSIKAJE?

Sasa twafika kwa mkulima mwenyewe. Kupika methamfetamini hutoa moshi na harufu kali. Katika mtaa wenye watu wengi, harufu hiyo ingetambuliwa upesi. Kwa hiyo wahalifu hupenda mahali palipo mbali na majirani, penye maji, penye nafasi ya lori kugeuza, na penye jengo lisilotazamwa na watu. Hapo ni wapi? Ni shambani. Ni katika banda la kuku lililoachwa, au stoo ya mahindi isiyo na mahindi.

Mwezi Julai 2024 polisi wa Afrika Kusini walivamia shamba moja karibu na Groblersdal, katika jimbo la Limpopo, wakakuta karakana ya methamfetamini. Mali iliyokuwamo ilikadiriwa kuwa na thamani ya randi bilioni 2. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo raia wa Mexico. Mwaka huo huo wa 2024 karakana ya namna hiyo ilivunjwa hapa Kenya pia, huko Namanga katika Kaunti ya Kajiado, mpakani na Tanzania. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Nigeria ilivumbua karakana kubwa mjini Asaba.

Kwa hiyo akija mgeni kukodi banda lako, fikiri kwanza. Kodi ya miezi sita kwa fedha taslimu ni tamu, hasa mwaka ambao mvua imekosekana na karo za shule zakungojea. Lakini pima hasara. Kila kilo moja ya dawa hiyo huacha takataka zenye uzito wa kilo kadhaa, nazo ni asidi na sumu za namna nyingi. Wahalifu hawazipeleki mahali pa kutupia. Huzimwaga nyuma ya banda, au mtoni, au katika shimo la choo. Udongo huharibika, kisima huingia sumu, na ng'ombe akinywa hapo ni hasara juu ya hasara. Mivuke yake yaweza kushika moto na kulipuka. Na polisi wakija, mgeni huenda amekwisha kukimbia, nawe mwenye shamba ndiwe utakayeulizwa.

Dalili za kuangalia ni hizi:

Mgeni hataki mkataba wa maandishi, wala hataki kuonyesha kitambulisho.

Madirisha yamezibwa kwa nguo au karatasi nyeusi, na kazi hufanyika usiku.

Mapipa na mitungi huingia kwa wingi, lakini hakuna bidhaa inayoonekana ikitoka.

Kuna harufu kali isiyo ya kawaida, kama ya rangi, ya siki au ya mkojo mwingi.

Majani yamekauka mahali panapomwagwa maji machafu.

Mwenye shamba mwenyewe hukatazwa kukaribia.

Dalili moja peke yake si ushahidi. Mfugaji wa kuku naye hukatazia watu banda lake kwa hofu ya maradhi, na mpiga rangi hunuka rangi. Lakini dalili tatu au nne zikikutana, si busara kunyamaza.

VIJANA WETU WALIO MJINI

Jambo jingine ni la watoto wetu. Vijana wengi wa mashambani huenda Nairobi kutafuta riziki, na wengi huanza kwa kubeba mizigo au kusukuma mkokoteni Muthurwa, Gikomba na Marikiti. Kijana wa mkokoteni hulipwa kwa mzigo, wala haulizi umo nini. Ndiyo maana wahalifu humpenda. Akikamatwa na pipa, mwenye pipa hayupo.

Mzazi, mwambie mwanao maneno haya kabla hajapanda gari: mzigo usio na mwenyewe usiubebe. Pipa lisilo na maandishi, au lililobanduliwa maandishi, liache. Anayekulipa mara tano ya bei ya kawaida anakulipa kwa ajili ya hatari ambayo hakukuambia.

TUSISAHAU MUKURU

Wakazi wa Eastlands wajua vizuri kemikali ya kiwanda inavyoua ikipotea njia. Mwezi Novemba 2000, katika Mukuru kwa Njenga, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga kwa pombe ya sumu. Methanoli haimo katika orodha ya kemikali bashirifu tuliyoitaja, lakini ugonjwa ni ule ule. Methanoli ni kitu cha halali. Viwanda huitumia katika kazi za rangi, gundi na plastiki. Ilitoka mahali, ikapita mikononi mwa watu, na kila mmoja akafikiri kwamba si kazi yake kuuliza. Laiti mtu mmoja angeuliza, "Pipa hili laenda wapi?" wengi wangalikuwa hai leo.

MAMBO YA KUFANYA

1. Ukikodisha banda au stoo, andikeni mkataba, chukua nakala ya kitambulisho, na weka sharti kwamba utakagua jengo lako kila mwezi.

2. Ukiwa na duka la agroveti au ghala la chama cha ushirika, andika kila mauzo ya asidi, pamanganeti na vitu vya namna hiyo: nani, kiasi gani, kwa kazi gani. Hesabu mapipa kila juma.

3. Usinunue dawa wala kemikali kwa mtu wa njiani asiye na leseni. Hujui ilikotoka, wala hujui kama maandishi yake ni ya kweli.

4. Pipa lililokuwa na kemikali usilitumie kuhifadhia maji ya kunywa, maziwa wala chakula, hata ukiliosha mara kumi. Ukinunua pipa lililotumika, uliza lilikuwa na nini. Asiyejua kukujibu, usimpe fedha yako.

5. Ukikuta mapipa yaliyotupwa shambani au mtoni, usiyaguse, usiyanuse, usiwashe moto karibu. Waondoe watoto na mifugo, kisha mwite chifu au polisi.

6. Ukiwa na mashaka, toa habari kwa chifu, kwa kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa simu ya bure ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, 0800 722 203. Huna haja ya kutaja jina lako. Eleza ulichokiona kwa macho yako, wala usiongeze chumvi.

7. Usimkabili mtu unayemshuku, wala usiwakusanye majirani kumvamia. Karakana hizo zina moto na sumu, na wenyewe huenda wana silaha. Tena yawezekana umekosea, na jina la mtu likichafuka ni vigumu kulisafisha.

8. Ukiwa na mwana aliyenaswa na madawa ya kulevya, usimfiche kwa aibu. Simu ya bure ya NACADA ni 1192.

MWISHO

Watu wengine husema kwamba vita vya madawa ya kulevya ni vya polisi na mbwa wao wa kunusa. Tumeona sivyo. Mapambano haya huanza kwa karani anayehesabu mapipa yake vizuri, kwa mama wa duka anayeuliza swali moja zaidi, kwa kijana wa mkokoteni anayekataa mzigo usio na jina, na kwa mkulima asiyeuza amani ya shamba lake kwa kodi ya miezi sita.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kemikali ni mdogo sana, kiasi cha pipa moja kupita. Lakini ukuta utakaotupasa kuujenga baadaye ni wa hospitali, magereza na makaburi. Basi ndugu mkulima, utakaporudi Muthurwa na magunia yako, ukaona pipa limesimama pembeni bila mwenyewe na bila maandishi, usilipite hivi hivi. Uliza laenda wapi, na asipopatikana wa kukujibu, waambie wenye kazi hiyo.